Tuanze na Uti wa Mgongo

Ukitaka kumuudhi Mwalimu, ungemwambia popo ni ndege. Mengine yote aliyavumilia. Ungeweza kumruka kwenye foleni ya bomba, ungeweza kuazima kiti chake ukakirudisha bila mguu, asingesema neno. Lakini popo!

"Ana nywele!" angepiga kelele mpaka watu wageuke barabarani. "Ana meno! Ananyonyesha! Umeona wapi kuku mwenye matiti?"

Tulikaa ukuta kwa ukuta hapa Rumonge miaka yote ya vita, mimi na cherahani yangu kwenye baraza langu, yeye na kiti chake kwenye baraza lake. Alifundisha biolojia katika lise, shule ya sekondari ya hapo juu, na kwa kuwa hakuwa na mke wala mtu wa kumwambia anyamaze, somo lililobaki shuleni alikuja kulimalizia barazani, nami nikawa mwanafunzi bila kujiandikisha. Nimepinda mapindo mengi ya suruali huku nikielezwa tofauti ya chura na mjusi. Sikuomba kuijua, lakini ninayo mpaka leo.

Kulikuwa na kijana mmoja mrefu wa kutoka Gatete ambaye kwenye mtihani alimweka popo pamoja na bundi na kunguru. Mwalimu akampa sifuri, kijana akarudia mwaka. Baba yake akaja na jogoo mkubwa wa kuomba msamaha. Mwalimu akampokea jogoo kwa mikono miwili, akashukuru sana, akaenda naye darasani kumwonyesha yule kijana ndege ni kitu gani. Saa ya kutoka ilipofika akamrudishia baba mtu jogoo wake, na sifuri ikabaki palepale. Yule kijana aliondoka shuleni mwaka uleule. Mkumbuke, maana atarudi.

Msemo wa Mwalimu ulikuwa mmoja: "Tuanze na uti wa mgongo." Aliutumia kwa kila jambo. Jirani na mkewe walipogombana hadi vyungu vikatoka dirishani, Mwalimu alibisha hodi akawauliza, "Wewe Bwana, una uti wa mgongo? Na Bibi naye anao? Basi mnafanana kuliko mnavyodhani." Wale wakaacha kugombana ili wamfukuze, na hiyo nayo ilikuwa suluhu.

Sokoni alijulikana kama njaa. Wenye kujua ziwa letu wanajua kuna mukeke, na kuna samaki wadogo tunaowaita nyamunyamu. Mwalimu hakukubali kwamba hao ni wawili. Alisema nyamunyamu ni mukeke aliye mtoto, basi, na kumpa jina la pekee ni kuwadanganya wanunuzi.

"Mwalimu," mama mmoja wa pale kwenye meza za samaki alimwuliza, mikono kiunoni, "wewe ulipokuwa mutoto, mama yako alikuita Mwalimu?"

"Hapana."

"Alikuita jina ingine?"

"Ndiyo."

"Sasa nyamunyamu amekukosea nini?"

Soko zima likacheka. Mwalimu, mfuko mkononi, akasema kwa heshima kwamba hoja hiyo ni nzuri lakini si ya kisayansi. Akanunua nyamunyamu, na risiti aliyoiomba iandikwe mukeke hakuandikiwa.

Nyumbani kwangu hakuweza kula mchanganyiko. Ukimpa ndagala zilizochanganyika na vidagaa vingine, anavitenga kwanza ukingoni mwa sahani, familia kwa familia, ugali ukipoa. Mume wangu, Baba Zuhura, ambaye alikuwa fundi wa mitumbwi na mtu wa kula haraka, alikuwa akimtazama kwa huruma. "Mwalimu," alimwambia siku moja, "huko tumboni zinakokwenda hakuna etajeri ya kupangia vitu." Mwalimu akajibu kwamba huko tumboni si jukumu lake.

Sasa lazima niseme habari ya neno moja, maana bila neno hilo hamtamwelewa huyu mtu. Kirundi kina neno ubwoko. Aina ya maharage ni ubwoko, aina ya samaki ni ubwoko, na kabila la mtu nalo ni ubwoko. Zikiwa nyingi ni amoko. Wakati wa amani neno hilo lilikuwa halina kosa. Vita ilipoingia likaota meno. Barabara ilijaa vizuizi, tulivyoviita bariyeri, leo vya hawa, kesho vya wale, na kwenye kila bariyeri swali lilikuwa hilohilo: ubwoko gani? Jibu lilikuwa zuri au baya kutegemea nani kaamka na bunduki siku hiyo. Tukaliogopa neno lenyewe. Mama muuza maharage aliacha kumwuliza mteja anataka ubwoko gani, akawa ananyoosha kidole tu kwenye vikapu.

Mtu mmoja tu katika Rumonge nzima aliendelea kulipigia neno hilo kelele, asubuhi na mchana, madirisha wazi.

"Ubwoko! Ubwoko ni nini? Wewe wa nyuma, acha kulala. Ubwoko ni nini?"

Wazazi waliokuwa wakipita njiani walitembea haraka. Direkteri, mkuu wa lise, akamwita, akamsihi atumie Kifaransa, aseme espèce. Mwalimu akakubali bila ubishi. Kesho yake akasema espèce, mwanafunzi akainua mkono akauliza espèce ni nini, na Mwalimu, ambaye hakuwahi kumnyima mtu jibu, akasema, "Ni ubwoko."

Maana yake aliifundisha hivi, na mimi niliisikia mara nyingi hata naweza kuisema usingizini: ubwoko mmoja ni wale wanaoweza kuzaa pamoja, na watoto wao nao wakazaa. Hayo ya mwisho aliyakazia kwa kidole. Punda na farasi wanazaa, alisema, wanamzaa nyumbu, lakini nyumbu hazai, ukoo unaishia pale. Kwa hiyo punda na farasi ni amoko mawili. Hakuna mtu Rumonge aliyekuwa amemwona farasi, punda wala nyumbu, na wengi waliamini ni watu wa serikali.

Na yeye mwenyewe? Hakuna aliyejua. Wanawake wa mtaa tulikaa kikao zaidi ya kimoja juu yake. Pua ilimpeleka huku, urefu ukamrudisha kule, namna ya kushika kikombe ikamtoa nchini kabisa. Kirundi chake kilikuwa cha milimani, Kiswahili chake cha vitabuni, na kwao hapakutajwa. Mwishowe nilimwuliza mwenyewe, kwa sauti ya chini, nikijifanya natafuta uzi.

"Mwalimu, kwani wewe ubwoko gani?"

"Tuanze na uti wa mgongo," akasema.

Vijana walimpa jina la Popo, kwa sababu hakujulikana yuko upande upi. Walidhani ataudhika. Aliwaambia asante, popo ni mnyama wa heshima, na aliwauliza kama sasa wanakumbuka yuko kundi gani.

Kwenye bariyeri walipomwuliza mara ya kwanza, aliwajibu kwa ukamilifu: mnyama, mwenye uti wa mgongo, mamalia. Kijana mwenye bunduki akakunja uso.

"Mamalia ni watu ya wapi?"

"Wako kila mahali," Mwalimu akamwambia. "Hata Bujumbura."

Kijana akaangalia nyuma yake, kisha akamwambia apite upesi.

Tulicheka, na tulicheka kwa sababu tulikuwa tunaogopa. Mimi nilimwogopea kwa kweli. Kila alipotoka na begi lake nilijua anakwenda kusema tena neno lile mbele ya mtu asiyetaka mchezo, na kila aliporudi nilimkasirikia kana kwamba alikuwa mwanangu.

Alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Jumapili aliimba besi katika kwaya ya parokia, akimsifu Adamu na udongo wake, na Jumatatu alifundisha kwamba viumbe vyote vimetokana na vingine, polepole, kwa kubadilika kidogo kidogo. Sheikh wetu wa mtaa alimsimamisha njiani. "Mwalimu, nasikia unasema mimi ni mtoto wa nyani." "La hasha, Sheikh," Mwalimu akasema, "si mtoto. Binamu." Sheikh alimwonea huruma, na tangu siku hiyo kila Ramadhani alimwalika kufuturu, ili amshughulikie kidogo kidogo na yeye. Lakini huyo binamu mwenyewe Mwalimu alimwogopa ajabu. Siku nyani wa msitu wa Kigwena walipomzunguka wakataka ndizi zake, alizitupa zote pamoja na begi, akakimbia hadi kwenye michikichi akiwaita majina yao ya Kilatini.

Na samaki wa miamba! Hao walikuwa ugonjwa wake. Kwenye mawe ya pwani, kuelekea Muhuta, kuna visamaki vya rangi ambavyo hakuna anayevila. Mwalimu alieleza kwamba zamani sana vilikuwa kitu kimoja. Lakini vinaishi kwenye mawe tu, mchanga vinauogopa, kwa kuwa kwenye mchanga hakuna pa kujificha. Basi vya jiwe hili vikabaki hapa na vya jiwe lile vikabaki kule, vizazi kwa vizazi, hawa wakawa na mistari, wale wakawa na madoa, hadi siku vilipokutana havikujuana tena na havikutaka kuoana. "Hawakugombana," alisema, na hapo sauti yake ilikuwa inashuka. "Ni mchanga tu, Mama Zuhura. Mchanga mdogo tu uliokaa muda mrefu."

Jambo hilo lilimkosesha raha kiasi kwamba alikwenda kwa mkubwa wa komine, yaani wilaya yetu, kuomba bariyeri ya njia ya Muhuta iondolewe. Mkubwa alidhani analalamikia kuchelewa kazini. Hapana, Mwalimu akasema, anachelea kwamba bariyeri ikidumu, watu wa Rumonge na watu wa Muhuta hawataoana, na mwishowe watakuwa amoko mawili, wasizae pamoja. Mkubwa akashtuka, akauliza hatari hiyo itafika lini. Mwalimu akapiga hesabu kichwani. "Miaka laki kadhaa," akasema, "lakini mambo haya yakianza hayaonekani." Mkubwa aliahidi kulifuatilia.

Sasa nakuja kwenye ufunguo. Biolojia, kumbe, ina kitu wanachokiita ufunguo. Si chuma. Ni maswali yaliyopangwa kwa namba. Una kiumbe mkononi, hukijui. Namba moja: kina uti wa mgongo? Kama hakina, ni konokono na wenzake, umemaliza. Kama kinao, nenda namba mbili: kina nywele? Hivyo hivyo unashuka hadi unapofika kwenye jina. Mwalimu alijitungia wake, wa viumbe wa pwani yetu, na wanafunzi walilazimika kuujua kwa moyo. Kwa Kirundi waliuita urufunguzo rw'amoko. Ufunguo wa amoko.

Unaweza kuona tatizo linakotoka. Mwanafunzi mmoja akiwa kwenye bariyeri, katika kujitetea au katika kujisifu, alisema mwalimu wao ana ufunguo wa amoko. Neno likatembea. Likawa: Rumonge kuna mzee ana kitu, akikuelekezea kitu hicho anajua ubwoko wako, hata ukificha. Watu wakaja kumwuliza kama kinatumia betri.

Mume wangu alikamatwa katika majira hayo. Alikuwa anarudi na mbao kutoka Gatete, na kwenye bariyeri mpya, ya asubuhi ileile, hakuwa na karte ya kumtambulisha. Waliwakalisha chini watu kadhaa wa namna hiyo, wasioeleweka. Baba Zuhura alikuwa Mswahili wa hapa hapa, wa msikiti na randa, na wale vijana hawakujua Mswahili wamweke wapi. Aliyekuja kunipa habari alisema, "Mama, wametuma mtu kwa Mwalimu. Wanataka alete ufunguo."

Nilimfunga Zuhura mgongoni, alikuwa bado ananyonya, nikatoka mbio bila viatu. Nilipofika, Mwalimu alikuwa ameshafika, na shati lake la kazini, na chaki mfukoni. Wale waliokamatwa walikuwa wamekaa kwenye vumbi. Na mkubwa wa bariyeri, aliyeitwa shefu, alikuwa yule kijana mrefu wa Gatete.

"Mwalimu," alisema, "unanikumbuka?"

"Popo," Mwalimu akajibu.

Vijana wengine wakacheka, shefu hakucheka. Akaigonga bunduki yake kidogo. "Tuanze na hiyo kwanza. Ile sifuri, leo unaitosha, unaifuta?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Nilimwomba Mungu ampe yule mtu uongo mmoja tu, mdogo, wa saizi ya popo. Mwalimu alimtazama mwanafunzi wake kwa upole kabisa.

"Umejifunza kwamba ana maziwa?"

"Nimejifunza."

"Basi sasa unajua. Lakini siku ile hukujua, na sifuri ni ya siku ile."

Hapo ndipo nilipokata tamaa, nasema kweli. Nilijua kwamba maisha ya mume wangu yako mikononi mwa mtu asiyeweza kusema uongo hata wa kujiokoa mwenyewe.

Shefu akasema, "Sawa. Toa ufunguo. Hawa watu haieleweke ubwoko gani. Wewe ututenganishie."

Mwalimu akasogea kwenye pipa la mafuta lililoziba barabara, akaandika kwa chaki namba moja. Akageuka. "Tuanze na uti wa mgongo," akasema, na akampapasa kila mmoja mgongoni, mmoja mmoja, bila haraka. Wote walikuwa nao. Namba mbili, nywele: wote, isipokuwa mzee mmoja mwenye upara aliyeonyesha za kifuani. Namba tatu, maziwa: aliwauliza kila mtu kama mama yake alimnyonyesha, na mtu mzima mmoja akaanza kulia. Wale vijana wenye bunduki walikuwa wamesogea. Mmoja akauliza kama na yeye anaweza kupimwa. Akapimwa mgongo, akafurahi sana kuukuta.

Namba nne ilikuwa kidole gumba. Kinageuka kukutana na vidole vingine? Ndiyo: nyani, sokwe, mtu. Hapana: mbuzi, mbwa, popo na wengineo.

Baba Zuhura hakuwa na kidole gumba cha mkono wa kushoto. Tezo ilikichukua zamani, akichonga mtumbwi.

Shefu alikiona kabla ya Mwalimu. Akainuka. Uso wake uling'aa kama wa mtoto aliyepata jibu. "Mwalimu! Huyu mukono moja ni mutu, mukono moja ni popo! Nilijua! Huyu ni muchanganyiko!"

Mkinicheka, mcheke. Pale hakuna aliyecheka. Mchanganyiko lilikuwa neno ambalo watu walitolewa barabarani kwa ajili yake wasionekane tena. Kijana mmoja akamshika mume wangu begani.

Mwalimu alisimama mbele ya pipa, chaki hewani. Alitazama ule mkono wa kushoto. Alitazama namba nne, mwandiko wake mwenyewe. Ufunguo wake ulikuwa unasema hapana, na yeye hakuwahi kuubishia. Nilitamani kumpiga kofi.

Ndipo Zuhura akapiga chafya mgongoni kwangu.

"Huyo ni wake?" Mwalimu akauliza.

"Ni wake, Mwalimu! Unamjua huyu mutoto, unamwona kila siku!" nikasema.

"Mlete."

Nilimfungua, nikamleta mbele. Alikuwa ananyonya kidole gumba, jicho kwa shefu. Mwalimu akakitoa kinywani taratibu, akakigeuza kikutane na kidole kidogo, akakiinua juu watu wote wakione, kimelowa mate.

"Kilichokatwa na tezo hakirithiwi," akasema, na sauti ya darasani ikamrudia. "Baba amepoteza, mtoto amezaliwa nacho. Ubwoko hautazamwi kwenye kidole cha mtu mmoja. Unatazamwa kwenye watoto. Huyu mama, kwao ni milimani, shefu waweza kumsikia anavyosema. Huyu baba hamjui mmweke wapi. Wamezaa?"

"Wamezaa," wakasema wale vijana kwa pamoja, kama darasa.

"Wakizaa ni nini?"

"Ubwoko bumwe!"

"Ubwoko mmoja. Na hawa wengine, namba nne yote ndiyo. Namba tano: anasimama kwa miguu miwili na anasema. Simameni. Semeni."

Wakasimama. "Amahoro," wakasema kwa Kirundi, yaani amani.

"Mtu," Mwalimu akasema, akaandika neno hilo kwenye pipa, akapiga mstari chini yake.

"Haya, endelea," shefu akasema. "Namba sita."

"Hakuna namba sita."

"Ufunguo gani hii? Inafungua mulango moja tu?"

"Mlango ndio mmoja," Mwalimu akasema.

Sijui jambo hilo lingeishia wapi. Shefu alikuwa ameanza kukunja ngumi, naye Mwalimu alikuwa ameanza kumweleza tena kuanzia namba moja. Lakini upande wa pili wa barabara mpishi wao alikuwa amemaliza maharage, akachukua chuma akagonga rimu ya gari iliyoning'inia mtini, kuwaita kula. Na kengele ya lise yetu, kama ya shule nyingi huku, ilikuwa rimu ya gari.

Mwalimu akasikia kengele. Akatia chaki mfukoni, akapangusa mikono. "Tutaendelea kesho," akasema, akageuka kuondoka. Na wale wote, vijana wenye bunduki na shefu mwenyewe, wakasimama wima mikono ubavuni, kama mwanafunzi anavyosimama mwalimu anapotoka darasani. Miili yao ilifanya hivyo kabla vichwa havijaulizwa. Waliokamatwa wakatoka nyuma ya Mwalimu kwa mstari, nami na mtoto na mume wangu tukiwa katikati, tukatembea. Hakuna aliyetuita. Tulipofika kwenye kona ndipo tulipokimbia, isipokuwa Mwalimu.

Kesho yake alikwenda. Ndiyo, alikwenda! Alisema ameahidi. Hakukuta bariyeri, hakukuta shefu, alikuta pipa tu na neno lake limefutwa na mvua, akarudi amenuna kwa ajili ya utoro.

Mbao zilipotea lakini mume alipatikana, nikapika wali na mukeke, nikampelekea. Hakula. Alikaa na sahani mapajani.

"Mama Zuhura, nimesema kitu ambacho sijakithibitisha."

"Kitu gani tena, Mwalimu?"

"Nilisema wakizaa ni ubwoko mmoja. Sikusema na watoto wao wazae. Niliiacha nusu. Nyumbu naye anazaliwa."

Nikamwambia binti yangu si nyumbu. Akasema anatumaini hivyo, lakini kutumaini si kuona. Nilikasirika, nikachukua sahani yangu. Baadaye nikairudisha.

Tangu hapo kila alipomwona Zuhura aliuliza, "Anakua?" Watu walidhani ni salamu. Vita ikachoka, bariyeri zikaondoka moja moja, Mwalimu akastaafu akahamia Kigwena, kwenye kibanda karibu na msitu, jirani na binamu zake aliowaogopa. Baba Zuhura alikufa kwa homa, kitandani, mkono wake wa kushoto ndani ya wangu, kama anavyotakiwa kufa mtu.

Zuhura aliolewa na kijana wa Muhuta. Alipojifungua nilisubiri arobaini ipite, nikamwambia, vaa, tuna mahali pa kwenda.

Tulimkuta Mwalimu ameketi mlangoni, fimbo mkononi ya kufukuzia nyani. Macho yalikuwa yamekwisha karibu yote. Hakunijua kwa sauti. Nikamwambia mimi ni Mama Zuhura, yule wa cherahani.

"Anakua?" akauliza papo hapo.

"Huyu hapa. Na huyu ni wake, Mwalimu. Amezaa mwenyewe. Nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu."

Alinyoosha mikono. Zuhura akampa mtoto. Alianza na uti wa mgongo, akaupapasa taratibu kwa kidole kimoja, mfupa kwa mfupa. Akagusa nywele. Akatafuta mkono, akalikuta gumba, akaligeuza likutane na kidole kidogo, akabaki amelishika. Na mimi, ambaye sikulia kwenye bariyeri, nililia pale.

"Mwambie Baba Zuhura," akasema, "sikudanganya."

Sikuwa na moyo wa kumweleza kwamba Baba Zuhura alishakufa. "Nitamwambia, Mwalimu."

Ijumaa ile nilikwenda makaburini, nikasimama pembeni, nikamwambia.